Kasa Mwenye Vidole

Masika yalipoingia, hoteli yetu ilifungwa. Wageni wa Kiitaliano walirudi kwao, viti vya ufukweni vikafunikwa maturubai, na sisi wa mapokezi tukabaki watatu wa kujibu simu ambayo haikulia. Ndiyo miezi niliyoipenda kuliko yote. Mvua ikipiga bati la stoo, mimi nilikuwa ndani na katoni langu la vijarida.

Vijarida hivyo viliachwa na mgeni mmoja, bibi mwembamba, mwalimu mstaafu, aliyekuja kila Januari na kuondoka kila Machi. Mwaka wa kwanza nilimuuliza kwa nini asiongeze hata wiki moja. Akanijibu kwamba hana nafasi, maonyesho ya sanaa yanafunguliwa. Kwao, baridi ikiisha na miti ikianza kuchipua, miji inafungua kumbi zake, naye hupanda treni mji hadi mji kwenda kutazama. Paris, Vienna, Venisi, Amsterdam. Mwaka mmoja alifika hadi Tokyo kwa ajili ya michoro ya mti mmoja ukiwa umetoa maua. Nilidhani Kiitaliano changu kimeniangusha, nikamuuliza tena kama alikwenda kuinunua. "Kutazama tu," akasema. "Halafu nikarudi nyumbani."

Nilimcheka, tena si kidogo. Mtu mzima na akili zake anavuka dunia akatazame mti uliochorwa! Mimi siku hizo nilikuwa na mdomo, na nilikuwa na lugha nne za kuutumia. Lakini vijarida vyake sikuvitupa. Nilivitoa kwenye pipa la chumba chake nikavisoma, na mwaka uliofuata akawa ananiachia mwenyewe juu ya kitanda, vimefungwa kwa utepe. Kufikia katikati ya miaka ya themanini nilikuwa najua ni ukumbi gani una sanamu za marumaru na upi una mazulia ya kale, na unafika kwa treni gani. Nilikuwa sijawahi kupita Mombasa.

Sasa nimtaje baba, maana habari hii ni yake. Baba yangu alikuwa mchongaji. Alishuka kutoka Ukambani akiwa kijana, akapata nafasi kwenye vibanda vya wachongaji hapa Malindi, na miezi michache baadaye mama akamfuata, mimi nikiwa mchanga mgongoni mwake. Pale vibandani kazi ilikuwa na mgawanyo wake. Fundi anachonga kwa tezo na kisu, wanawake wanapiga msasa, mwingine anapaka rangi ya viatu na kung'arisha. Majina hayakuandikwa. Kila fundi alikuwa na namba, na aliikata chini ya kitu chake kabla hakijaenda kwenye msasa. Namba ya baba ilikuwa arobaini na saba, na ile saba aliipiga kamstari kiunoni. Mbali na namba hiyo, vitu vyao vyote vilifanana: twiga, paa, kifaru, twiga tena. Watalii walitaka twiga, na twiga walipata.

Miaka ya themanini ilipoanza, nikiwa bado sekondari, baba alileta gogo la muhugu lililopinda, akalichonga kidogo kidogo kila alipopumzika na twiga. Hakusema anachonga nini. Ilimchukua majuma matatu. Siku alipoliweka chini mbele ya wapiga msasa, nilikuwepo, nimetoka shule na sare yangu.

Alikuwa kasa. Gamba lake lilikuwa limefuata mishipa ya mti wenyewe, na shingo yake imenyooshwa mbele kwa juhudi hata ukitazama unakaza shingo yako. Ila chini ya gamba, pale pa kuwa na makafi ya kuogelea, kulikuwa na miguu. Miguu minne mifupi, minene, yenye vidole vitanovitano, imekanyaga.

Wa kwanza kucheka alikuwa mama mmoja wa mjini, mwenyeji wa hapa tangu enzi za babu zake, aliyetuuzia mahamri asubuhi na jioni.

"Salaale! Jamani njooni mumtazame kasa kavaa viatu!"

Wakaja. Vibanda vizima vilikuja, na yule mama akamgeukia baba.

"Bwana we, kasa hana vidole. Kasa ana makafi. Huyu ni kobe wenu wa bara, umemleta kuoga."

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Nami nilicheka, tena nadhani nilicheka kuwashinda wote, kwa sababu nilijihesabu mtoto wa pwani na nilitaka wenzangu waone kwamba kosa la bara halinihusu. Baba alitutazama mmoja mmoja, akatabasamu kidogo, akamwokota kasa wake akamweka ukutani na vitu vilivyopasuka. Kwa mwaka mzima walimwita baba "Kobe" kila akipita. Yeye aliitikia.

Wiki ya mwisho kabla ya mvua, mzungu mmoja mwenye ndevu nyeupe aliingia, akapita twiga wote bila kuwatupia jicho, akamtoa kasa pale ukutani, akamlipia, akaondoka naye. Baba hakuwepo. Alipoambiwa aliuliza jambo moja tu: amemchukua ameenda naye wapi? Nani angejua?

Tangu hapo alichonga twiga. Twiga wazuri, wepesi kuuza, wasio na neno. Sikumwona tena akikaa na gogo akilizungusha na kulitafakari. Kisha jicho lake la kushoto likaingia ukungu, na la kulia likaanza kulifuata, na mimi nikaanza kukijutia kicheko kile. Niliona kwamba tulimvunja moyo mtu mbele ya watu, na kwamba mimi, damu yake, nilisaidia. Nilitaka achonge tena kitu chake mwenyewe kabla macho hayajamwacha. Hilo tu ndilo nililolitaka, na sikujua pa kulianzia.

Basi masika moja, kuelekea mwisho wa miaka ile, ikaja bahasha kutoka kwa mwalimu. Ndani mna kijarida cha maonyesho ya wanyama wa kuchongwa kutoka pande zote za dunia, mkusanyo wa msafiri mmoja aliyefariki. Ukurasa wa nne ulikuwa na picha nyingi ndogondogo, kila moja kadiri ya stempu. Katika mstari wa tatu alikuwemo kasa mwenye miguu.

Niliinuka kitini. Nikaipeleka picha dirishani, nikairudisha kwenye taa. Ilikuwa ndogo mno kwa kuapia.

Kila masika wenye hoteli walikuwa na desturi ya kuwapeleka wafanyakazi wawili kwao Italia kwa majuma manne, wakajifunze kazi kwenye hoteli yao nyingine. Zamu yangu ilikuwa mwakani. Nilimwendea meneja nikamwomba hadi akachoka na mimi, na mwenzangu aliyekuwa na zamu akakubali tubadilishane kwa sababu aliogopa ndege. Baba sikumwambia habari za picha. Nilitaka kwanza niione namba kwa macho yangu, nisije nikamvunja mara ya pili. Siku ya kuondoka alinishika mkono wa kulia, akautemea mate kidogo ya baraka kama wazee wa kwao wafanyavyo, akaniambia: "Mama, huko utaona mingi. Angalia pole pole." Aliniita mama kwa kuwa nimerithi jina la mama yake.

Jumapili yangu ya kwanza ya mapumziko, mwalimu alinipokea kituo cha treni, tukaenda pamoja mwendo wa saa mbili. Sijui niseme nini juu ya njia ile. Mashamba yalikuwa ya kijani kichanga, na kulikuwa na miti isiyo na jani hata moja lakini imejaa maua meupe kuanzia shina hadi ncha. Nilimkumbuka mwalimu na mti wake wa Tokyo, nikaona haya. Nilimwambia sasa naelewa. Akanipiga kofi gotini akacheka.

Maonyesho yalikuwa katika jengo lililokuwa ghala la nafaka zamani, lenye kuta nene na dari ya juu sana. Nje watu walipanga foleni kwenye baridi, wengine na watoto, wengine wazee wa mikongojo, na wote walikuwa na subira ya watu wanaongoja kuingia ibadani. Ndani hakuna aliyepaza sauti. Hata viatu vyangu vilinitia aibu kwa kugonga sakafu, nikaanza kutembea kwa vidole.

Mungu wangu, mikono ya watu! Kulikuwa na chura wa mbao kutoka Japani, mdogo wa kuenea kiganjani, na mgongo wake una unyevu ambao haukuwepo. Kulikuwa na dubu aliyechongwa na watu wa kwenye barafu, hana macho wala kucha, umbo tu, lakini nilipita mbali naye. Kulikuwa na farasi aliyeliwa na wadudu nusu ya uso na bado anakimbia. Nilikulia kwenye vumbi la msasa, nilidhani nimeshaona mbao. Nilisimama mbele ya chura yule nikasahau nilichokuja kufanya, na machozi yakanitoka, na sikujali nani ananitazama.

Kisha mwalimu akanigusa bega.

Alikuwa peke yake mwisho wa ukumbi, juu ya kinara cheusi, ndani ya kioo. Taa moja ilimwangazia kutoka juu, na gamba lake liling'aa rangi ya asali. Watu walimzunguka kimya. Mzee mmoja alikuwa amepiga magoti kabisa, amtazame usawa wa shingo. Na ile miguu tuliyoicheka ilikuwa imetupa kivuli kwenye kinara, vidole vyote ishirini unavihesabu. Nilimjua kabla sijafika. Nilimjua kwa jinsi alivyokaza shingo, maana baba mwenyewe hukaza hivyohivyo akiinua gogo.

Kikaratasi cha maelezo kilisema: Mnyama wa kubuni. Afrika Mashariki. Mchongaji hajulikani.

"Anajulikana," nikasema kwa sauti, na ukumbi mzima ukageuka.

Sikumbuki vizuri nilivyoeleza. Mwalimu alinisaidia maneno. Mlinzi wa ukumbi alimwita msimamizi, kijana wa miwani, naye akanisikiliza bila kuniamini wala kutoniamini. Nikamwambia amgeuze mnyama, chini tumboni ataona arobaini na saba, na saba ina kamstari kiunoni. Alivaa glavu nyeupe. Akafungua kioo kwa ufunguo. Akamwinua kasa wa baba kwa mikono miwili, namna unavyopokea mtoto wa siku saba, akampindua kwenye mwanga.

Ilikuwepo. Nne, na saba, na kamstari.

Yule mzee aliyepiga magoti alianza kupiga makofi, wengine wakamfuata. Watu wasionijua walinishika mkono. Msimamizi alitoa kalamu, akaniomba jina la baba, nikamtajia herufi moja moja, akaandika. Kisha akauliza: na miguu hii, ina maana gani? Kwenu ni hadithi? Ni mzimu?

Hapo ndipo mdomo wangu ulipofanya kazi yake. Nikawaambia ukweli, au nilichokiita ukweli. Nikasema baba yangu ni mtu wa bara, alichonga kasa bila kuwahi kumwona kasa, akampa miguu ya kobe wa kwao. Nikawasimulia na mama wa mahamri na vile viatu. Nilisimulia vizuri, najijua. Walicheka, lakini kwa upole, wengine wameweka mkono kifuani. Mwalimu akasema ni kosa zuri kuliko yote aliyowahi kuyaona. Msimamizi akaandika hilo pia, akasema wiki ijayo kutakuwa na maelezo mapya. Wiki iliyofuata mwalimu alinitumia picha. Kikaratasi kipya kilikuwa na jina la baba kwa herufi kubwa, na chini yake: Mchongaji hakuwahi kumwona kasa.

Niliilaza picha hiyo ndani ya pasipoti yangu nikarudi nayo Malindi, na katika ndege nilijiona nimelipa deni la kicheko.

Baba alikuwa amekaa kibarazani kwetu, anamalizia twiga kwa kupapasa. Nilimwamkia, nikakaa miguuni pake, nikampa habari yote tangu mwanzo: kijarida, treni, foleni, kioo, glavu, makofi. Alinisikiliza bila kuacha kupapasa. Nilipofika kwenye namba, mkono ulisimama.

"Walimgeuza?"

"Walimgeuza, baba. Kwa mikono miwili."

"Aiya." Akageuza uso kwangu. "Na hiyo mwangaza, ilikuwa inatoka wapi?"

"Juu."

"Basi kivuli ya vidole ilionekana."

"Vyote ishirini."

Alicheka peke yake, kicheko ambacho sijakisikia tangu utoto wangu. Aliweka twiga chini. "Nilikuwa nataka hiyo kivuli," akasema. "Pale kibandani hakuna mwangaza ya juu."

Sikuelewa. Nikamuuliza alikitakaje kivuli cha kosa.

"Kosa gani, mama?"

Akanieleza pole pole, macho yake yenye ukungu yakitazama uani. Mwezi wake wa kwanza pwani, kabla sijazaliwa, alikuwa hapati usingizi kwa joto, akawa anatembea ufuoni alfajiri, upande wa kuelekea mto Sabaki. Asubuhi moja jua likichomoza alimkuta kasa aliyechelewa, ametaga mayai juu mchangani na anarudi majini. Alikuwa mkubwa na amechoka. Anavuta hatua moja, analala, anavuta nyingine. Baba alikaa naye mpaka akafika majini. "Nilikuwa nafikiria mama yako," akasema. "Alikuwa na mimba yako huko nyumbani, na mtoni ni mbali, na anapanda na maji. Nikamwonea huruma huyo kasa. Nikasema, Mungu alimpa makafi ya bahari, hakumpa kitu ya mchanga. Siku nitachonga wangu, nitampa miguu."

"Na mbona hukusema? Mwaka mzima wanakuita Kobe?"

"Ningesema nini? Kila mtu pale anachonga twiga. Mimi nisimame niseme nimeongezea kazi ya Mungu miguu?" Akatikisa kichwa. "Afadhali wacheke. Mtu akicheka anaangalia kwanza."

Kisha akauliza nililokuwa naliogopa. "Na chini ya jina yangu wameandika nini?"

Ningeweza kumdanganya. Hakuweza kusoma picha ile hata kwa miwani. Lakini nilikuwa nimeshamsemea vya kutosha. Nikamsomea kama ilivyoandikwa, nikamwambia maneno ni yangu, mimi ndiye niliyewapa.

Hakukasirika. Ningependa angekasirika. Alifikiri, kisha akauliza kwa utaratibu, kama mtu anayetaka tu kujua: "Wewe umewahi kumwona?"

Mimi niliyekulia Malindi. Mimi mtoto wa pwani. Nilikuwa nimeona magamba yametundikwa ukutani kwenye baa ya hoteli, nimeona picha kwenye kadi za posta nilizowauzia wageni miaka sita. Kasa mzima, mwenye pumzi, mchangani?

"Sijawahi, baba."

"Basi twende," akasema. "Ni mwezi wao."

Tulikwenda asubuhi tisa mfululizo, kabla ya zamu yangu, yeye akinishika bega na mimi nikimwelekeza pa kukanyaga. Asubuhi nane hatukuona kitu ila alama za kaa na makuti yaliyoletwa na mvua. Ya tisa, jua limeshatoka, niliona juu ya mchanga kitu nilichodhani ni jiwe, na jiwe likavuta pumzi.

Tulikaa mbali kidogo, kama alivyosema tukae. Kasa alikuwa anarudi baharini. Alipiga makafi yote mawili ya mbele, akajikokota kadiri ya shubiri, akalaza kidevu mchangani na kuhema. Macho yake yalikuwa yanatoka machozi mazito yaliyoshika mchanga. Maji yalikuwa hatua thelathini tu za mtu. Yeye zilimchukua karibu saa nzima, na katika saa hiyo yote sikusema neno, jambo ambalo wanaonijua hawatalisadiki. Baba hakuweza kumwona, aliona weusi tu unaosogea. Aliniuliza kila mara, amefika wapi? Nami nilikuwa nimeuma kanga yangu, kwa sababu kila kasa alipolala nilijikuta namwombea miguu.

Wimbi lilipomnyanyua, nilimwambia baba ameingia. Akavuta pumzi, akainuka, akaniambia tupite kwa muuza mbao kuuliza kama ana muhugu uliopinda.

Mchana ule ule, mapokezini, nilimwandikia mwalimu barua. Nilimwomba ampelekee msimamizi, na kama maonyesho yameshafungwa amtafute popote wanyama wale walipokwenda, wafute ile sentensi waandike hii: Mchongaji alimwona kasa. Binti yake ndiye aliyekuwa hajamwona.